Makazi, Mashimo na Mbu: Kutoka Kizuka hadi Kambini

(Mazungumzo yaliyotolewa na mhamasishaji wa afya wa jamii, mzaliwa wa Kizuka, Rumonge, katika mkutano wa wakazi kabla ya mvua kuanza. Yamechapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)

Najua wengi mmekuja kwa sababu mmesikia kwamba leo yatazungumzwa mashimo ya matofali, na kwamba kuna watu wanataka kuyafukia. Ni kweli, yatazungumzwa. Lakini naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo, nyumbani kwetu Kizuka, kwa maana haya yanayotupata hapa yalianza kutupata kule, na wako kati yetu waliokwisha kujiandikisha kurudi kule.

Kwa wale wasioifahamu, Kizuka iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika Rumonge, kwenye barabara ile inayotoka Bujumbura ikifuata ufukwe mpaka Rumonge na Nyanza-Lac. Upande mmoja una ziwa, upande wa pili milima inapanda ghafla. Katikati kuna ukanda mwembamba wa tambarare ya Imbo, na katika ukanda huo ndimo kila kitu kimo: nyumba, barabara, mihogo, migomba, na juu ya yote michikichi. Nilitoka kule mwaka 2015 nikiwa na miaka 13. Sekondari nimeisoma hapa kambini. Kwa hiyo Kizuka ninayoieleza ni ya macho ya mtoto, pamoja na yale niliyosimuliwa na bibi yangu, na yale niliyoyasoma baadaye nilipoanza kazi hii.

Juma lililopita nilipokuwa nikipita nyumba kwa nyumba, mzee mmoja alinisimamisha akaniambia, "Binti yangu, Kizuka mbu walikuwepo tangu enzi za babu zetu. Hakuna aliyewaleta. Ninyi wa semina mnatuambia tena habari za mashimo?" Nilimwambia, mzee, shikamoo, swali lako ni zuri kuliko semina yangu. Mbu walikuwepo, ndiyo. Ila mbu si wale wale miaka yote. Wanaongezeka na kupungua kwa kufuata jinsi watu wanavyoikaa ardhi. Hayo ndiyo ninayotaka kuyasema leo.

Kwanza nikumbushe mambo machache ambayo wengi mnayajua. Mbu wa malaria ni jike wa jamii ya anofelesi, anayeuma usiku, zaidi tangu watu walalapo mpaka karibu na alfajiri. Anataga mayai majini. Yai linakuwa kiluwiluwi, kiluwiluwi kinakuwa bundo, bundo linatoka mbu mwenye mabawa. Katika maji yenye joto kazi hiyo yote huisha kwa siku 7 mpaka 10 hivi. Mbu huyo anapozaliwa hana malaria. Anaipata kwa kumnyonya mtu aliye nayo, kisha vijidudu vinahitaji kukomaa tumboni mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kukiwa na joto la nyuzi 25 hivi, vinakomaa kwa muda wa karibu siku 12. Kukiwa na baridi ya nyuzi 18 vinachelewa mno, na mbu wengi hufa kabla. Shikeni hilo la joto, nitalirudia.

Jambo lingine, ambalo si wengi wanalijua: mbu wa malaria hawapendi maji ya namna moja. Yuko yule anayeitwa gambiae. Huyu anapenda vidimbwi vidogo, vipya, vyenye jua, visivyo na majani mengi wala samaki. Alama ya kwato za ng'ombe inamtosha. Njia ya gurudumu inamtosha. Shimo la matofali ni ikulu yake. Yuko mwingine anaitwa funestus, anayependa maji ya kudumu yenye majani na matete, kama kingo za ziwa zilizotulia na vinamasi. Kwa hiyo binadamu anaweza kumfukuza mmoja na kumkaribisha mwingine bila kujua. Ukifyeka matete yote ya kijito na kuacha maji yamekaa juani, umeharibu nyumba ya funestus na umemjengea gambiae.

Hapa nisimame kidogo. Kila mwaka tunapewa bango lenye picha ya mtu anafyeka nyasi kuzunguka nyumba, na watu wanafyeka kwa bidii, halafu wanashangaa watoto wanaugua vile vile. Mimi nasema wazi, ingawa mabango hayo nayagawa mwenyewe: kufyeka nyasi peke yake hakuondoi malaria. Mbu hazaliwi kwenye nyasi, anazaliwa majini. Fyekeni kwa ajili ya nyoka na usafi, ni vizuri. Lakini kama nguvu zenu ni chache, zipelekeni kwenye maji.

Turudi Kizuka. Bibi yangu asili yake ni milimani, upande wa Bururi. Alikuwa akisema kwamba zamani watu wa milimani waliogopa kulala Imbo. Walishuka asubuhi kutafuta samaki au chumvi au mawese, na jioni walipanda kurudi kwao, kwa sababu waliamini Imbo ina homa inayoua wageni. Hawakuwa wajinga. Milimani kuna baridi, na mtu aliyekulia kwenye baridi mwili wake haujazoea malaria. Akishuka akalala Imbo anaumwa vibaya kuliko mwenyeji aliyeumwa mara nyingi tangu utotoni. Tena ufukweni, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na malale pia, ya mbung'o, ambayo iliua watu wengi. Kwa hiyo tambarare ile ilikuwa na watu wachache kuliko inavyoonekana leo.

Kisha watu wakashuka. Ardhi ya milimani ilipungua kwa sababu ya wingi wa watu, na Wabelgiji nao walihimiza watu wahamie Imbo kulima pamba na mazao mengine ya kuuza. Mwaka 1972, machafuko yalipoanza mwishoni mwa Aprili upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yalipofuata nchi nzima, maelfu na maelfu walikimbilia huku Tanzania na kwingineko. Baadhi ya mashamba yao yalikaliwa na watu wengine, na mengine yaliingia katika mashamba makubwa ya michikichi. Waliorudi baadaye walikuta mahali pao pana mwenyewe, na wengine wakajengewa vijiji vya amani, kama Mutambara. Sikusudii kufungua shauri la ardhi hapa, wazee msiogope. Ninachosema ni hiki: kila watu walipohamishwa au kuhamia, ilibidi pafunguliwe mahali papya, na mara nyingi mahali palipobaki ni pa chini, penye maji, ambapo wa kwanza hawakupataka.

Watu wakifungua mahali papya hufanya mambo yale yale kila siku. Wanachimba udongo wa kujengea. Wanakata miti. Wanalima mpaka ukingoni mwa kijito. Wanachota mchanga mtoni. Serikali inaleta barabara, na barabara inataka kifusi, na kifusi kinaacha shimo. Pale Kizuka mimi na wenzangu tulikuwa tunaogelea katika shimo la namna hiyo, tukidhani ni zawadi.

Michikichi nayo ina habari yake. Kivuli cha mchikichi mkubwa si kibaya, kwa sababu gambiae hapendi kivuli. Lakini penye michikichi pana kazi ya mawese, na kazi ya mawese inataka maji. Mnajua wenyewe: ngazi zinachemshwa, zinapondwa, zinakamuliwa, maji machafu yanamwagwa katika kishimo pembeni. Pana mapipa yaliyokatwa, pana makopo, pana njia zilizokanyagwa na mikokoteni mpaka zimekuwa mifereji isiyokwenda popote. Katika mapipa na makopo anazaliwa mbu mwingine tena, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyo haleti malaria, ila analeta dengi na chikungunya, na chandarua cha usiku hakimzuii kitu.

Na ziwa. Wazee wanakumbuka jinsi Tanganyika ilivyopanda baada ya mvua kubwa za miaka ya 1961 mpaka 1964. Katika miaka ya karibuni imepanda tena, na mwaka 2024 watu wa Gatumba na wa ufukwe wa Rumonge walikimbia nyumba zao. Mama mdogo alituambia kwa simu kwamba mahali tulipokuwa tunaanika ndagala pamefunikwa, na maji yamesimama nyuma ya mchanga yakaota matete. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani. Watu wamejenga hata hivyo, kwa sababu ziwa ndilo shamba lao. Siwalaumu. Lakini maji yakipanda yanaingia ndani, na yakishuka yanaacha vidimbwi kila bonde, na hapo ndipo mbu wanapata mwaka mzuri. Mafuriko yenyewe mara nyingi huyasomba mayai na viluwiluwi. Hatari kubwa inakuja majuma machache baadaye, wakati watu wanaona maji yametulia na kudhani balaa limepita.

Zaidi ya hapo, mtu wa ufukweni anaishi usiku. Mvuvi wa ndagala anatoka na taa jioni, anarudi alfajiri. Chandarua kiko nyumbani, yeye yuko majini. Mama anamsubiri ufukweni gizani ili awahi samaki, na mtoto yuko mgongoni. Saa ile ya kusubiri ndiyo saa ya anofelesi. Na chandarua chenyewe, tusifichane, kimevulia samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu vijiji vya ufukwe wa ziwa hili ulikuta kaya nyingi sana zinavua kwa vyandarua vya msaada. Mimi mwenyewe utotoni nilishika ncha moja ya chandarua cha namna hiyo, na kaka yangu ncha nyingine, na tulikula tulichokipata. Mtu mwenye njaa leo na malaria kesho anachagua njaa kwanza. Tukitaka chandarua kibaki kitandani, lazima tulizungumze na hilo la mboga.

Sasa nitoke Kizuka niende kaskazini kidogo, katika tambarare ya Rusizi, juu ya Bujumbura. Huko kulifunguliwa mashamba ya mpunga yenye mifereji, na jirani yake kulikuwa na mashamba ya pamba. Joto ni lile lile na watu ni wale wale. Katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Marc Coosemans, alipima watu wa pande zote mbili, na mwaka 1985 akatoa matokeo yake. Upande wa mpunga malaria ilikuwa kubwa zaidi kuliko upande wa pamba. Mpunga ukiwa mchanga, maji yake yako wazi juani, na hicho ndicho gambiae anachokitaka.

Lakini msikimbilie kusema mpunga ni adui. Hapa Tanzania, Moshi upande wa chini, wataalamu walipima namna hiyo hiyo miaka ya 1990 na kidogo baadaye. Katika kijiji cha mpunga walikuta mbu wengi zaidi, kama walivyotazamia, lakini malaria ilikuwa ndogo kuliko katika kijiji kikavu cha jirani. Kwa nini? Wenye mpunga walikuwa na fedha. Walinunua vyandarua, walijenga nyumba bora, walikula vizuri, waliwahi dawa. Basi ardhi ikibadilika, malaria inaweza kupanda au kushuka, na linaloamua ni nani anapata faida ya mabadiliko hayo. Kama mpunga ni wa tajiri anayekaa mjini, na mkulima anabaki na maji na mbu, ugonjwa ni wake peke yake. Hili nawaomba viongozi mlitafakari kwa upande wa matofali yetu, maana wanaouza si wote wanaoumwa.

Habari ya joto niliahidi nitairudia. Milima ya Burundi ilikuwa kimbilio kwa sababu ya baridi na kwa sababu mabonde yake yalijaa mafunjo. Kinamasi cha mafunjo kina kivuli kizito, na maji yake hayampendezi gambiae. Watu walipozidi, walianza kukata mafunjo na kulima mabondeni: viazi vitamu kwenye matuta, maharage, mpunga. Kati ya tuta na tuta maji yanakaa wazi, jua linapiga. Kule Kabale, kusini magharibi ya Uganda, ambako nchi inafanana sana na milima yetu, wataalamu walilinganisha vijiji vilivyo jirani na vinamasi vilivyolimwa na vile vilivyo jirani na vinamasi vyenye mafunjo bado. Matokeo yalitolewa mwaka 2000. Penye kilimo joto lilizidi kwa karibu nyuzi 1, na mbu walikuwa wengi zaidi. Nyuzi 1 mtu haioni. Lakini kijidudu tumboni mwa mbu kinaiona, na kinakomaa mapema.

Mwaka huo huo wa 2000, kuanzia Oktoba mpaka Machi 2001, ulipita Burundi mlipuko wa malaria ambao wazazi wetu wanaukumbuka. Ulipiga zaidi milimani, Kayanza, Ngozi, Karuzi, mahali ambapo watu hawakuwa na kinga. Wagonjwa waliohesabiwa walikaribia milioni 3 katika nchi iliyokuwa na watu chini ya milioni 7. Sababu hazikuwa moja. Mvua zilikuwepo, klorokwini ilikuwa haifanyi kazi tena, vita viliwatawanya watu wakalala makambini bila nyumba. Na mabonde yaliyolimwa yalikuwepo. Mwaka 2016 tena walihesabiwa wagonjwa zaidi ya milioni 8 nchini, mtu mmoja akiweza kuhesabiwa mara mbili au tatu kwa mwaka, na Machi 2017 serikali ikatangaza kwamba ni mlipuko. Mzee wangu aliyeniuliza swali, nadhani unaona sasa. Mbu wa babu alikuwa Imbo. Mbu wa leo amepanda mlima, na sisi tumemtengenezea ngazi.

Ndugu zangu, sasa tuje kambini.

Tulipofika hapa, wenye umri mnakumbuka, palikuwa na miti. Tulipewa turubai na kamba. Miti ilikatwa kwa nguzo na kwa kuni. Kisha tukaambiwa tunaweza kujenga kwa matofali ya udongo, na kila familia ilichimba pale pale iliposimama, kwa sababu nani atabeba udongo kutoka mbali? Katika kijiji chetu peke yake mwezi uliopita mimi na wenzangu wawili tulihesabu mashimo 41. Hatukuhesabu mashimo ya taka wala ya choo kilichobomoka. Kati ya hayo 41, tulikuta maji katika 17, na huu ni wakati wa kiangazi. Maji hayo yanatoka bombani na mahali pa kuogea. Katika 9 tulikuta viluwiluwi vilivyolala sambamba na uso wa maji, na hivyo ndivyo vya anofelesi. Vile vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine. Mtu yeyote anaweza kujifunza kuvitambua kwa kutumia upawa mweupe na dakika 5.

Shimo la kwanza katika orodha yetu, lenye namba 1, ni la nyumbani kwetu.

Nalisema hili mbele yenu kwa sababu wengine mnalijua tayari, na ni vibaya mtu kuja kuwafundisha wenzake huku amelificha lake. Baba na kaka yangu walilichimba tulipojenga chumba cha pili. Mimi nilibeba maji ya kukandia. Tulisema tutalifukia baada ya kujenga. Kisha jirani akaomba udongo, tukampa, shimo likapanuka. Kisha kaka akaanza kuuza matofali, tukapata fedha za sabuni na daftari. Daftari nilizosomea kidato cha mwisho zimetoka katika shimo hilo. Mvua iliponyesha likajaa, watoto wakalifurahia, kama mimi nilivyolifurahia lile la barabarani Kizuka.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka 3. Alianza kwa homa ya kawaida siku ya Ijumaa. Tulisema ni mafua. Jumamosi usiku alishikwa na degedege, akakaza macho na mikono. Bibi alisema degedege haipelekwi hospitali, ikipigwa sindano mtoto anakufa, akaanza kumpaka majani. Nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba hiyo ni malaria imepanda kichwani, lakini mbele ya bibi sikuwa na sauti. Tulimpeleka asubuhi. Walimwongezea damu, na akapona. Siku hizi anatembea na kucheza, ila mkono wake wa kushoto hauna nguvu, na maneno yanamtoka kwa shida. Mnamwona huyo hapo, amekaa na wenzake.

Siwezi kuapa kwamba mbu yule alitoka katika shimo letu. Anaweza kuwa alitoka kwa jirani, maana mbu huruka mita mia kadhaa, na wengine hata kilomita 2 au 3. Lakini mbu akipata damu karibu hana haja ya kwenda mbali, na kitanda cha mdogo wangu kilikuwa hatua 11 kutoka majini. Nilizipima.

Sasa, tutafanyaje? Nimesikia wengine wanasema mashimo yote yafukiwe kwa amri. Mimi sikubaliani. Kuna wajane hapa wanaoishi kwa matofali, na mgao mnaujua ulivyopunguzwa. Ukimkataza mama kuchimba hapa mchana, atachimba kule usiku. Lakini sikubaliani pia na wanaosema tuache mpaka serikali au shirika walete dawa ya kunyunyiza. Dawa ikija tutaipokea. Mvua haiisubiri.

Tulilolipanga na kamati ni hivi. Shimo ambalo halitumiki, lifukiwe kabla ya mvua. Udongo utatoka katika vyoo vipya vinavyochimbwa na katika kuta zilizobomoka. Anayetaka kuendelea kufyatua matofali atachimba mahali pamoja, chini ya nyumba za mwisho kuelekea bondeni, ambapo viongozi wameweka vigingi. Ni mbali, najua, na nimewasikia wanaonung'unika. Shimo ambalo haliwezi kufukiwa sasa, litobolewe mfereji upande wa mteremko ili maji yasikae. Kumbukeni zile siku 7 mpaka 10. Kama maji yanatoka yote angalau mara moja kila juma, hakuna kiluwiluwi kinachopata muda wa kuwa mbu. Kwa shimo dogo ndoo inatosha. Msimwage mafuta machafu ya gari, kama nilivyoona mahali pamoja, maana watoto wanaoga humo na maji yanaingia ardhini.

Pale bombani, maji yanayomwagika yana mfereji wake uliozibwa na mchanga. Kila kikundi cha wachota maji kitakuwa na siku yake ya kuuzibua. Vijana, hii si kazi ya akina mama peke yao.

Na kwa ninyi mnaorudi Kizuka, au Magara, au Nyanza-Lac, au hata milimani: mtakapoonyeshwa mahali pa kujenga, ulizeni maji ya mvua yanakaa wapi, na ulizeni jirani kabla ya kumuuliza kiongozi. Kama mnaweza kuchagua, jengeni juu kidogo, upande ambao kijito kinakimbia na si kule kinakosimama. Acheni ukanda wa matete na miti kando ya maji, msilime mpaka mdomoni. Chimbeni udongo wa nyumba mahali ambapo baadaye mtapanda migomba au kuweka choo. Bebeni vyandarua vyenu, msiviuze njiani. Na watoto wenu waliozaliwa hapa wakipata homa mkifika kule, msisubiri siku ya pili. Kipimo ni tone la damu kidoleni na majibu ni dakika 15 au 20. Degedege ni ya hospitali. Bibi yangu ameruhusu niseme hivyo, na amesema niwaambie kwamba ameniruhusu.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanza na shimo namba 1, nyuma ya bomba la pili. Kaka yangu amekubali, ingawa alichukua majuma mawili kukubali. Mwenye jembe aje nalo, mwenye toroli tunamwomba sana. Orodha ya mashimo yote 41 imebandikwa mlangoni kwa kiongozi wa kijiji, na kama namba yako imekosewa, nione baada ya mkutano. Sasa karibuni maswali, na mzee wangu aanze yeye.